Muhtasari Uliotundikwa Jikoni

Ukoo mzima ulimjua mama mdogo wangu kwa mikono yake. Akikusuka, mistari ya kichwani inanyooka kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni, na unakaa nayo wiki tatu bila hata unywele mmoja kuchomoka. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, na mama mdogo akanichukua, akanilea pamoja na mumewe katika kijiji kilicho ndani kidogo kutoka Buseresere. Kila Jumapili mchana nilikaa chini, katikati ya magoti yake, nikilia kwa sababu alikuwa anavuta kweli kweli. Alikuwa ananiambia nikae kimya, uzuri unauma.

Sasa anaishi kwangu Shinyanga. Chai anakunywa kwa kikombe chenye mfuniko, kile cha kusafiria, kwa sababu kikombe cha kawaida kinamwagika kabla hakijafika mdomoni. Wageni wakija wanauliza kama ni uzee. Bado hajafika umri huo, na mimi huwa nainuka kwenda jikoni kutafuta kitu chochote ili nisijibu.

Nitaeleza ilivyokuwa, na nitajitahidi kutumia maneno ya kawaida.

Mume wake alipofariki, mama mdogo aliacha kulima pamba akaenda mwaloni. Mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Wanaume wanachimba, mawe yanasagwa kwenye mashine ya karasha, na wanawake wanaosha. Mchanga ukishaoshwa unabaki mzito kidogo chini ya karai, na hapo ndipo zebaki inapomwagwa. Unaikoroga kwa mkono mtupu, nayo inakamata dhahabu. Unakamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe kama punje ya mahindi. Kisha unakipeleka nyumbani ukakichome kwenye jiko la mkaa, zebaki iondoke kwa moshi, dhahabu ibaki.

Wanawake wa mwalo ule walikuwa na desturi yao ya kuchoma. Ilikuwa lazima mchomaji awe ndani, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, na asiseme neno lolote. Waliamini dhahabu ikisemeshwa inapungua. Kwa hiyo ukifika kwa mtu ukapiga hodi mara tatu kukawa kimya, na huku mkaa unanukia, unajua kinachoendelea ndani na unaondoka zako bila kukasirika. Sikuwahi kuona kijiji kingine ambako kutojibiwa hodi ni jambo la heshima.

Nilipofika mwaka wa pili wa shahada ya uzamili nilihitaji mada ya tasnifu, nikaona mada ninayo nyumbani. Nikarudi kijijini na daftari na kinasa sauti. Mama mdogo alifurahi mno. Alinizungusha kwa wenzake mmoja mmoja akiwaita mama kwa Kisukuma, "Mayu, huyu ni mwanangu, yuko chuo kikuu, anaandika kitabu chetu." Wale wanawake waliniambia kila kitu. Waliweka dole gumba kwenye fomu zangu za ridhaa bila kuuliza fomu inasema nini, kwa kuwa mimi nilikuwa mtoto wa pale pale.

Mama mdogo alivunja hata desturi kwa ajili yangu, akaniruhusu nikae ndani siku moja akichoma. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nimefunika pua kwa ukingo wa kanga. Yeye aliinama juu ya jiko, uso wake umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kile kidonge, akikipuliza taratibu. Usiku huo aliniambia kwamba siku akichoma mdomo wake unakuwa na ladha ya shilingi. Nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Nilikuwa najua, na hapo ndipo penye kidonda changu. Maktaba ya chuo ilikuwa imejaa maandishi kuhusu zebaki, na nilikuwa nimeyasoma. Nilijua kwamba moshi ule ni sumu, kwamba unaingia mwilini kupitia mapafu, unaanza kutikisa vidole, unaharibu fizi na usingizi, na mwisho unamfanya mtu awe mkali kwa watu wake bila sababu. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika sentensi moja ambayo bado naikumbuka neno kwa neno, na kwa Kiswahili inasema hivi: "Wanawake hawa wanachoma zebaki jikoni, mlango umefungwa, na moshi wanaouvuta ni sumu itakayowaharibu mikono."

Msimamizi wangu aliikata kwa kalamu nyekundu. Pembeni aliandika: "Huu ni mtindo wa gazeti. Nadharia iko wapi?"

Simlaumu sana. Alikuwa mtu mpole, aliyeniazima vitabu vyake mwenyewe na kunipa barua ya mapendekezo nilipoomba kazi. Naye alifundishwa hivyo na watu waliofundishwa hivyo. Nilimwuliza kwa sauti ya chini kama sentensi ina kosa lolote. Akasema kosa haina, ila haina kina, mtu yeyote anaweza kuielewa. Nilicheka nikidhani anatania, kumbe hakuwa anatania.

Nikajifunza. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa fundi. Watu nikawaita watendaji. Jiko likawa muktadha wa kikaya. Mlango uliofungwa ukawa mkakati wa usiri, ladha ya shilingi ikaondoka kabisa kwa sababu haikupata nadharia ya kukalia, na maumivu yote ya wale wanawake nikayakusanya kwenye neno moja, uathirikaji. Kila ukurasa uliporudi na wekundu mchache zaidi, nilijisikia nakua. Nina aibu kusema kwamba nilikuwa nasoma aya zangu kwa sauti chumbani hosteli nikijisikiliza.

Tasnifu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kama kawaida ya idara yetu, lakini kulikuwa na sharti moja zuri sana kwenye karatasi. Mtafiti alitakiwa aandike muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, arudi kijijini, awasomee watu aliowahoji. Waliuita mrejesho. Aliyeweka sharti hilo nadhani alikuwa mtu mwema. Nami muhtasari huo niliuandika kwa mkono ule ule uliokwisha kuzoea. Ile sentensi iliyokatwa ikarudi ikiwa imevaa suti: "Utafiti umebaini kuwa mazoea ya uchenjuaji wa kikaya yanazalisha mwingiliano changamani wa kimadhara baina ya mwili-tendaji na mazingira-fungamani, hali inayoakisi uathirikaji wa kimuundo wa watendaji wa kike."

Sumu imo humo ndani. Ukiwa na subira, na shahada mbili, unaweza kuipata.

Mrejesho ulifanyika kwenye ghala la zamani la pamba, asubuhi, siku ambayo mwalo haufanyi kazi. Wanawake walikuja wamejipamba, wengine na watoto mgongoni. Mama mdogo alivaa kitenge alichokishona kwa ajili ya siku hiyo, akakaa benchi la mbele kabisa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na msimamizi wangu alikuwa amesafiri kutoka chuoni kuja kunisikiliza, kwa sababu mrejesho ulikuwa na alama zake. Alikaa pembeni na daftari juu ya goti.

Nilisoma ukurasa wote kwa sauti ya redio. Kulikuwa na utulivu ambao nimeusikia makanisani tu. Nilipofika kwenye mwili-tendaji nilimwona mama mdogo anatikisa kichwa polepole kwa kuridhika, namna mtu anavyofanya akisikia mtoto wake anaongea na wakubwa na hababaiki. Nilipomaliza, mwenyekiti akaongoza makofi matatu ya pamoja, halafu mengine matatu. "Mmesikia wenyewe," alisema. "Huyo ni msomi wetu, hajatoka mbali. Kuna swali?"

Mwanamke mmoja wa makamo, aliyekuwa anaosha karai moja na mama mdogo, akasimama. Alishika kanga yake kifuani kwa mikono miwili, akanishukuru taratibu, kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake, "Wabeja, mwanangu. Umesema vizuri. Sasa mimi nauliza. Huku kuchoma kwetu, tunafanya vizuri au tunafanya vibaya?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, na mengi nimeshayasahau. Hilo lilikuwa na jibu la neno moja. Nililijua neno lenyewe na lilikuwa mdomoni. Nikatupa jicho upande wa msimamizi, nikaona kalamu yake imesimama juu ya daftari inasubiri. Nikafikiri akisikia nasema vibaya ataandika kwamba nahukumu watu niliowatafiti, kwamba bado nina mtindo wa gazeti, na atanirudisha nyuma muhula mzima.

Nikasema, "Inategemea na muktadha."

Yule mama alisubiri kidogo, labda akidhani naendelea. Mwenyekiti akamsaidia. "Umeona? Inategemea. Kwa hiyo siyo mbaya." Watu wakacheka, na yeye akacheka pia, akakaa. Msimamizi wangu aliandika. Tukiwa garini alinipa mkono akasema nimejibu kama mtafiti, na mimi nikashukuru.

Mama mdogo aliomba abaki na nakala yangu. Nilimpa bila kufikiri.

Nilifaulu. Nikapata kazi Shinyanga, ofisi yenye feni na meza yangu mwenyewe, na kazi yangu ni kuandika ripoti. Unaweza kukisia naziandikaje. Kijijini nilikuwa naenda kwenye misiba na sikukuu, nafika mchana naondoka kesho yake. Sherehe moja niliona kisahani cha mama mdogo kinagongana na kikombe. Nikamwuliza, akasema ni baridi ya maji ya mwaloni. Mara nyingine mtoto wa jirani alikuja kusukwa, akamwambia aende kwa mwingine, na alimwambia kwa ukali ambao sikuwahi kumsikia nao, mpaka mtoto akalia. Niliona yote hayo. Moyoni nilijiambia kwamba mimi nilishasema. Nilishawasomea mbele ya mwenyekiti, ukurasa mzima, na nakala walibaki nayo. Kama hawakuzingatia ningefanya nini? Hivyo ndivyo maneno yale yalivyonihudumia. Yaliniwezesha kunyamaza huku najiona nimesema.

Ilipita miaka minne.

Nilikwenda siku ya kazi, bila kumwambia, kwa sababu ofisi ilinituma Geita na shughuli ikaisha mapema. Nilifika kwake saa nane mchana. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, na mkaa ulikuwa unanukia. Nilijua ninachotakiwa kufanya, niondoke nikakae kwa jirani hadi atakapofungua. Nilipiga hatua mbili kuondoka. Kisha ndani nikasikia koleo linagongana na jiko, likagongana tena, likaendelea kugongana bila kukoma, sauti ya chuma kinachotikisika kwenye mkono wa mtu. Nikarudi nikausukuma mlango kwa bega.

Alikuwa ameinama vile vile kama zamani, shubiri moja kutoka kwenye moto. Mkono wa kulia ulioshika koleo alikuwa ameushika kwa mkono wa kushoto ili utulie. Juu ya jiko, kwenye ukuta wa udongo, ulining'inia muhtasari wangu. Alikuwa ameupeleka steshenari ya Katoro ukavishwa plastiki, akautundika kwa msumari mahali anapofanyia kazi, upande ambao wageni hawafiki, kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, ulikuwa wake yeye. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Jina langu na muhuri wa chuo vilisomeka bado. Miaka minne alikuwa amechoma chini ya karatasi inayosema asichome.

"Toka nje!" nilimwambia. "Mama, toka nje sasa hivi!"

"Umeisemesha!" alifoka. "Umeisemesha, wewe! Kazi ya wiki nzima!"

Nilimvuta kwa nguvu, na mtu wa kabila langu anajua maana ya kumvuta mama yako kwa nguvu. Nilimkalisha kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mbali na mlango. Alikuwa anahema na macho yana hasira. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia kwa Kisukuma kwamba moshi ule ni sumu, unaingia kifuani ukashuka hadi kwenye mikono, ndio unaomtikisa, siyo baridi ya maji, na akiendelea atashindwa hata kujifunga kanga. Maelezo yote hayakuzidi muda wa kumenya kiazi kimoja. Alielewa yote mara moja. Nilimwona anaelewa.

Kisha akauliza, "Umeyajua leo haya?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nakiri kwamba nililifikiria.

"Hapana, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa naandika."

"Wakati ule? Wa ghalani?"

"Ndiyo."

"Hukusema."

"Nilisema. Imo kwenye karatasi."

Akaniambia nikailete. Niliingia nimeziba pua, nikaitoa ukutani, nikarudi nayo nje. Akasema nimsomee pale niliposema. Nikasoma ile sentensi, uchenjuaji wa kikaya, mwingiliano changamani, mwili-tendaji, na kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi inavyosikika uani, karibu na banda la kuku, mbele ya mtu ambaye mwili wenyewe ni wake.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena. Alisikiliza kwa makini sana, uso umekunjamana, kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Alikuwa anatafuta sumu. Alikuwa ananipa nafasi, na mimi nilijua kwamba hataipata.

"Hapo ndipo uliposema?"

"Hapo."

"Sasa, mwanangu, hapo ulikuwa unamwambia nani?"

Nililia. Nilimwambia kuhusu msimamizi na kalamu yake, kwamba yule mama alipouliza nilikuwa na jibu, na kwamba niliogopa kufeli. Sikujitetea, au labda nilijitetea kidogo. Yeye hakulia. Alifikiri juu ya jambo hilo kama alivyokuwa akifikiri juu ya mambo yote, bila haraka, akitazama mashamba.

"Basi," alisema mwishowe. "Na mimi nilitaka ufaulu."

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, kulaaniwa, kufukuzwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Akaomba nimwinue. Akajifunga kanga yake vizuri, ikamchukua muda, sikuthubutu kumsaidia. Tukavuka uwanja hadi kwa jirani, yule yule mama aliyeuliza swali ghalani. Naye siku hizi alikuwa anatembea amekumbatia mikono yake, viganja vimefichwa kwapani. Alitupokea kwa furaha, akaniuliza habari za Shinyanga na kazi. Nilipiga goti nikamwamkia, naye akaniitikia marahaba mara mbili.

Mama mdogo hakusubiri tukae. "Ule moshi wa zebaki ni sumu," alimwambia. "Ndio unaotutikisa mikono. Tusiuvute tena. Wengine nao lazima tuwaambie leo."

"Nani kasema?"

Mama mdogo akaniwekea mkono begani, ule wa kulia. "Mwanangu. Si unajua alivyosoma? Ameligundua tu, akapanda gari siku hiyo hiyo kuja kutuambia."

Yule mama alinishika mikono yangu yote miwili kwa mikono yake, akanishukuru, akanishukuru tena, na mimi sikusahihisha.